Kabla ya Nadharia, Ijue Mahakama

Anayeingia uzamivu wa historia ya sheria ili aiandike Zanzibar, kitu cha kwanza kumtatiza ni wingi wa mahakama. Katika miaka ya 1880 mji huu mmoja, ambao mtu huuzunguka kwa miguu kabla ya adhuhuri, ulikuwa na makadhi wa Kisunni na wa Kiibadhi wakihukumu kwa jina la Sultani. Ulikuwa pia na mahakama ya balozi wa Uingereza iliyofuata sheria za India, na mabalozi wa mataifa mengine nao wakiamua mambo ya raia wao. Mkataba wa Marekani ulitiwa saini 1833, wa Uingereza 1839, wa Ufaransa 1844, na kila mmoja ulimpokonya Sultani kipande cha hukumu. Kesi ya watu wa mataifa mawili kwa kawaida ilimfuata mdaiwa: mdai ndiye aliyelazimika kwenda kushitaki kwenye mahakama ya mwenzake.

Kazi nyingi za wanafunzi hupindia hapo, mapema kabisa. Mtu huiokota hukumu ya wakati ule, akaisoma kama "sheria ya Zanzibar", akajenga juu yake sura nzima. Kumbe ni hukumu ya mahakama ya balozi baina ya Wahindi wawili, imeamuliwa kwa Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na rufaa yake ilikuwa ya kwenda Bombay. Kwa mtu wa Makunduchi au wa Wete wa zama zile hukumu hiyo haikuwa na maana yoyote.

Uraia wenyewe uligombaniwa. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, alipowashurutisha Wahindi wawaachie watumwa wao, hoja yake ilisimama juu ya kwamba wao ni watu walio chini ya himaya ya Mwingereza. Wengi wa Wahindi wale asili yao ni Kutch, magharibi mwa India, iliyokuwa na mtawala wake, na kwa siku nyingi ilikuwa na faida kuhesabiwa raia wa Sultani. Kwa hiyo ukimkuta mtu mmoja ndani ya karatasi mbili, moja yasema raia wa Sultani na nyingine yasema yuko chini ya Mwingereza, usifanye haraka kumsahihisha karani. Inawezekana zote mbili ni za kweli, kila moja kwa kazi yake.

Baada ya Zanzibar kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza, 1890, mambo hayakurahisika kama vitabu vya skuli vinavyotaka tuamini. Mahakama za Sultani zilipangwa upya 1908, na majaji wale wale wa Kiingereza wakawa wanakaa pande zote mbili: leo kwenye mahakama ya Mfalme wa Uingereza, kesho kwenye mahakama ya Mtukufu Sultani. Mtu ni yule yule na chumba huenda ni kile kile, mamlaka ni mengine. J. H. Vaughan, aliyekuwa mwanasheria wa serikali, aliandika kitabu kizima juu ya mamlaka hayo mawili, kikachapwa Zanzibar 1935, na hadi leo ni pa kuanzia kwa mtu anayetaka ramani.

Ndiyo maana kila jalada, kabla hujaigusa hoja yake, liandikie mambo saba juu ya karatasi yako ya maelezo: mahakama gani, hakimu nani na alikaa kwa mamlaka ya nani, mdai na mdaiwa walihesabiwa raia wa nani, madhehebu yao, sheria iliyotajwa kuwa ndiyo inayotumika, lugha ya asili ya ushahidi, na rufaa yake ilikuwa ya kwenda wapi. Likikosekana moja, acha nafasi wazi na uwekee alama. Usilijaze kwa kudhani. Nafasi hizo wazi zikifika hamsini utaona zimejipanga kwa mtindo fulani, na mtindo huo mara nyingi una thamani kuliko sura ya nadharia uliyoiandika miezi minne.

Sasa swali la utafiti. Mapendekezo mengi huja na kichwa kama "Athari za ukoloni katika sheria ya Kiislamu Zanzibar". Kichwa hicho hakina pa kushikika: hakitaji mahakama, hakitaji miaka, hakitaji kanuni iliyobadilika. Msimamizi mzuri atakirudisha, msimamizi mwenye shughuli nyingi atakipitisha, na mwanafunzi atakuja kukilipia mwaka wa tatu. Swali linalobebeka lina vitu vitatu: muamala au kanuni moja, mahakama zinazojulikana, na mwanzo na mwisho wenye sababu. Miaka 30 hadi 40 inatosha. Ukitaka kutoka Seyyid Said hadi Mapinduzi unaandika kitabu cha kiada.

Mfano unaofundisha vizuri ni bei khiyari, yaani uuzaji unaomwachia muuzaji haki ya kukirudisha alichouza. Mwenye shamba la mikarafuu anahitaji fedha kabla ya mavuno. Anamuuzia mwenye mtaji shamba kwa, tuseme, riale 500, kwa sharti kwamba akizirudisha ndani ya miaka miwili shamba linarejea kwake. Mchana ule ule anaandikiana naye karatasi ya pili: muuzaji anabaki shambani kama mpangaji na kila mwaka analipa kodi. Kwenye karatasi hakuna mkopo wala riba, kuna uuzaji na kuna kodi. Ila ukiigawa kodi kwa bei unapata asilimia, na asilimia hizo ukizipanga mwaka kwa mwaka unaanza kuiona bei ya fedha Unguja na Pemba bila mtu yeyote kuitaja.

Muda ukipita fedha hazijarudi, mambo yanagawanyika. Anayeisoma karatasi kama uuzaji atasema shamba limekwenda, khiyari imekwisha. Jaji aliyelelewa na sheria ya Kiingereza anaona rehani, na mazoea yake ni kumlinda aliyeweka rehani asipoteze shamba kwa kuchelewa tu. Hapo una swali la uzamivu: mahakama ipi ilianza kuisoma bei khiyari kama rehani, kwa hoja gani, na wakopeshaji walibadilishaje maandishi ya karatasi zao kujibu usomaji huo? Sehemu ya mwisho ndiyo tamu, nayo wengi huisahau. Hukumu ikitoka, makarani na mawakili nao huisoma, na karatasi za miaka ya mbele huandikwa kwa kuikwepa. Anayesoma hukumu peke yake anaona nusu ya historia. Na mwisho wa kipindi unajitokeza wenyewe: dikrii (amri zenye nguvu ya sheria) za 1934 zilizokuja kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wakopeshaji wa Kihindi zilibadilisha mchezo mzima wa madeni ya karafuu, na miaka mitatu baadaye mgogoro wa karafuu ukafika hadi kwenye mgomo wa wafanyabiashara wa India.

Kabla ya kuandika pendekezo fanya jaribio. Chukua majalada 20 ya mwaka mmoja wa mwanzo wa kipindi chako na 20 ya mwaka mmoja wa mwisho, ya mahakama moja, bila kuchagua yanayopendeza. Hesabu: ni mangapi yana muamala unaoutafuta, mangapi yana hukumu yenye sababu zilizoandikwa, mangapi yameishia njiani. Kama kati ya 40 matatu tu yanakufaa, badilisha swali sasa, kabla chuo hakijalisajili. Jaribio hilo ni kazi ya wiki tatu hivi, na hukwepesha hasara ya mwaka.

Majalada yenyewe kwa sehemu kubwa yako Nyaraka za Taifa, Kilimani. Mikusanyiko anayoanza nayo mtu wa sheria ni michache: AA ya ubalozi wa Uingereza, AB ya ofisi kuu ya serikali ya himaya, HC ya Mahakama Kuu, na HD ya mambo ya wakfu. Kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi ni kitu kingine mbali na kile cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, cha Bara. Kuwa nacho kimoja hakukupi cha pili, na mwanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam asidhani barua ya chuo itamvusha. Omba mapema, na kwenye maelezo ya ombi taja mikusanyiko unayotaka kwa herufi zake. Ombi linalosema "nyaraka zote za sheria" humtia wasiwasi kila anayelipokea, na ana haki.

Fika na penseli, karatasi na kompyuta yenye betri ya kukaa, kwani umeme hukatika. Ukiruhusiwa kupiga picha, picha ya kwanza ya kila jalada iwe ganda lake la nje lenye namba, na picha ya mwisho iwe karatasi tupu. Usipofanya hivyo, mwaka wa pili utakuwa na picha elfu tatu na hutajua jalada moja linaishia wapi. Ipe kila picha jina lenye herufi za mkusanyiko, namba ya jalada na namba ya ukurasa, siku ile ile, usingoje wiki. Weka nakala mahali pawili. Unyevu wa masika haubagui karatasi za Sultani na diski ya kompyuta yako.

Karatasi nyingine wino wake umeila karatasi yenyewe, nyingine mchwa wamekwisha pita, na nyingine imo ndani ya orodha lakini kabatini haipo. Kuhusu hizi za mwisho, andika tarehe uliyoziomba na jibu ulilopewa. Mtahini akiuliza kwa nini hukutumia jalada fulani, jibu lako liwe na tarehe.

Ripoti za hukumu zilizochapwa zinahitaji tahadhari yake. Juzuu la kwanza, lililokusanywa na Murison na Abrahams, ni la hukumu za kuanzia 1868 hadi 1918: nusu karne ndani ya juzuu moja. Murison alikuwa Jaji Mkuu. Maana yake ni kwamba tunasoma kile ambacho mahakama ilitaka kikumbukwe, kilichochaguliwa na mtu wa mahakama. Ni mali, lakini ni mali iliyochambuliwa. Ukiweza, chukua hukumu kumi zilizochapwa na uzitafute ndani ya HC. Mahali ambapo ripoti imefupisha ushahidi ndipo penye maneno ya wanawake, ya wakulima, na ya watu waliokuwa watumwa hadi hadhi hiyo ilipofutwa kisheria Aprili 1897.

London pana sehemu ya pili ya habari hii. Katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew, tafuta mikusanyiko ya FO 54 na FO 107, na kuanzia Zanzibar ilipohamishiwa wizara ya makoloni, 1913, tafuta CO 618. Nyaraka za ofisi ya India ziko Maktaba ya Uingereza, na baadhi yake zimewekwa mtandaoni bure na Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, kwa hiyo anza na hizo kabla hujaomba nauli. Mumbai nako kuna majalada ya serikali ya Bombay juu ya Zanzibar. Mwanafunzi asiye na fedha za London asivunjike moyo, ila apange swali ambalo HC na HD zinalitosha. Mara nyingi swali hilo huwa bora zaidi, kwa sababu London imekwisha pitiwa na wengi.

Lugha ndiyo inayokula muda kuliko watu wanavyopanga. Aliyesoma Kurani chuoni kwa maalim anazijua herufi za Kiarabu, lakini mwandiko wa karani wa kadhi hauna irabu, mara nyingi hauna hata nukta, na maneno yameunganishwa kwa haraka ya mtu anayeandika karatasi ya ishirini siku hiyo. Tenga miezi 6 hadi 9 ya kusoma kila siku na mtu anayejua. Habari njema ni kwamba hati za muamala hurudia maneno yale yale. Ukiimudu hati kumi za bei, ya kumi na moja utaisoma kwa nusu saa. Vitabu vya hesabu vya Kigujarati usijidanganye navyo: mtafutie msomaji, mlipe, na mtaje kwenye shukurani. Kiswahili cha herufi za Kiarabu humwonekea Mzanzibari rahisi mpaka pale anapokutana na neno la Kipemba asilolijua.

Tarehe zina mtego ambao hauonekani. Siku ya Kiislamu huanza magharibi, kwa hiyo hati iliyoandikwa "usiku wa Ijumaa" imeandikwa Alkhamisi baada ya jua kuzama. Kwa kukisia mwaka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622: mwaka 1315 unakupa 1897 na nusu, na kweli mwaka huo wa Hijria ulianza Juni 1897 ukaingia 1898. Kisio hilo linafaa kwa maelezo yako tu. Ndani ya tasnifu weka tarehe zote mbili, ile ya hati na ile uliyoigeuza, kwa sababu mwezi wa kuandama huweza kukosana na jedwali la kalenda kwa siku moja, na katika kesi ya khiyari siku moja ndiyo kesi yenyewe.

Fedha vivyo hivyo. Riale ya Maria Theresa ilihesabiwa kwa kawaida rupia 2 na ana 2 (ana 16 ni rupia moja), kwa hiyo shamba letu la riale 500 ni rupia 1,062 na nusu, ila kiwango kilipanda na kushuka na usikitumie kwa karne nzima. Mwaka 1936 rupia ikaondoka ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, shilingi moja na nusu kwa rupia. Frasila ya karafuu ni ratili 35, kilo 16 kasoro kidogo. Mtu mmoja naye huandikwa kwa namna sita: Said, Saeed, Syed, kwa baba, kwa kabila, kwa mji. Fungua daftari la majina tangu jalada la kwanza, na usiunganishe watu wawili kuwa mmoja mpaka pawe na ithibati mbili, kwa mfano jina la baba na shamba lile lile.

Tukija kwenye nadharia, wanafunzi wa sheria huiogopa au huiabudu. Kuna jaribio moja gumu: itoe sura ya nadharia ndani ya tasnifu, kisha usome zilizobaki. Zikisimama bila kutikisika, ile nadharia ilikuwa pambo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba sura ya pili inawaeleza wanafalsafa wa sheria, Hart na Kelsen, inaeleza nadharia ya wingi wa sheria, kisha kuanzia sura ya tatu hakuna anayetajwa tena mpaka hitimisho.

Zanzibar inazipa nadharia hizo kazi ya kweli. Kelsen alisema mapinduzi yakifaulu, msingi wa uhalali wa sheria zote umebadilika, hata zile ambazo maneno yake hayakuguswa. Mahakama ya Pakistan ilimtumia katika kesi ya Dosso, 1958, na Uganda ikafuata katika kesi ya Matovu, 1966. Lakini Pakistan yenyewe iliikataa Dosso 1972 katika kesi ya Asma Jilani, na anayeitaja ya kwanza bila ya pili atanaswa siku ya kutetea. Januari 1964 serikali mpya ya Zanzibar haikungoja jaji aitamkie uhalali: dikrii za mwanzo zilitangaza zenyewe kwamba sheria zilizokuwepo ziendelee. Sasa uliza kama mwanasheria: hati ya shamba ya 1950 iliyokubaliwa mahakamani 1964 ilikuwa na nguvu kutoka wapi? Na mashamba yalipotaifishwa, kisha kugawiwa kwa eka tatu, aliyepewa alikuwa na haki ya aina gani, ya kumiliki au ya kutumia? Watu waliziuza eka zile, wakarithishana, kesi zikaja. Huo ni uwanja wa nadharia wenye mikarafuu juu yake, na kumbuka kwamba huku mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine.

Anayependa swali la dola anayo kesi ya Serikali ya Mapinduzi dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, ambapo Mahakama ya Rufani mwaka 2000 iliona kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa kuwa si dola kamili. Isome sambamba na mabadiliko ya kumi ya Katiba ya Zanzibar, 2010, yanayoitaja Zanzibar kuwa nchi. Na usisahau kwamba Mahakama hiyo ya Rufani haisikilizi rufaa za mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi wala tafsiri ya Katiba ya Zanzibar. Mwanafunzi aliyeiweka Mahakama ya Rufani kwenye kilele cha mchoro wake wa mahakama za Zanzibar bila kutaja hayo ameuharibu mchoro.

Kwa upande wa fikihi, jihadhari na njia ya mkato waliyoipita majaji. Minhaj, kitabu cha fikihi cha Imam Nawawi na tegemeo la Mashafii wa pwani yetu, iliwafikia majaji wa Kiingereza kupitia tafsiri ya Howard ya 1914, naye hakuitoa kwenye Kiarabu: aliitoa kwenye Kifaransa cha van den Berg. Ukiona jaji "amekosea" kanuni ya Kishafii, fungua Kiarabu, kisha Kifaransa, kisha Kiingereza, utajua kosa liliingilia mlango gani. Kwa Kiibadhi usitegemee Kiingereza kabisa. Zanzibar yenyewe ilikuwa ikichapa vitabu vya Kiibadhi tangu Sayyid Barghash aweke matbaa yake, na juzuu za Qamus al-Sharia zilianza kutoka humo karibu na 1880.

Kipindi kinachowashinda wengi ni 1964 hadi 1985. Mahakama za Wananchi zilianzishwa kwa dikrii ya 1969. Walikaa wajumbe wasio wanasheria, mawakili hawakuruhusiwa, na zilikwisha pale Mahakama Kuu ilipopangwa upya kwa sheria ya 1985, mwaka ule ule ilipotoka sheria ya mahakama za kadhi, ambayo nayo imekuja kubadilishwa 2017. Maandishi yake ni machache na mafupi. Hapo huna budi kwenda kwa watu.

Kwenda kwa watu kuna adabu yake na kuna hatari yake. Siku ya kwanza ni ya salamu na kujieleza, kinasa sauti kibaki mkobani. Mzee aliyekuwa mjumbe wa mahakama hatakusimulia kesi. Atakusimulia haki ilivyokuwa ikitafutwa, na mara nyingi hiyo ndiyo unayoihitaji. Usiulize "sheria gani mlitumia?" Uliza: akija mwanamke anadai mahari, mnaanza kumuuliza nini? Utapata utaratibu mzima. Kisha nenda kwa mwengine, Chake Chake au Mkoani, uulize vile vile, na uone Pemba na Unguja zinapoachana.

Hatari ni ardhi. Ikijulikana kijijini kwamba unasoma hati za zamani, atakuja mtu kukuomba umtafutie karatasi ya shamba la babu yake. Atakuja kwa heshima, pengine akisindikizwa na shangazi yako. Jibu liwe moja kwa wote: ofisi ya nyaraka iko wazi, naye ana haki ya kuomba mwenyewe. Ukimpa picha moja umekuwa shahidi katika kesi, na kibali chako kinaweza kuondolewa kwa haki kabisa. Majalada ya talaka na mirathi ya karibuni badilisha majina, na badilisha pia mtaa, kwani Mji Mkongwe jina likifichwa mtaa unalitaja.

Anayekaa mahakama ya kadhi ya leo kusikiliza ajue pia kwamba mdai huanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kupata barua, kisha karani ndiye anayeyaandika madai. Mwanamke hueleza kwa nusu saa, karatasi hutoka na mistari minane: hajalishwa, hajavishwa, anaomba aachishwe. Ukisoma majalada ya miaka kumi utadhani ndoa zote za Zanzibar zinavunjika kwa sababu tatu. Ni karani ana sababu tatu. Keti kwenye benchi la nje pia, na uandike kinachosemwa kabla ya kuingia kwa karani, kwa ruhusa ya anayesema.

Wasimamizi wawe wawili ikiwezekana, mmoja wa sheria na mmoja wa historia, na angalau mmoja asome Kiarabu. Wakivutana, usiwe tarishi wao. Omba kikao cha watu watatu na uandike yaliyokubaliwa. Mtahini wa sheria atakuuliza kanuni gani imebadilika, wa historia atakuuliza unajuaje. Kila sura iwe na ukurasa unaojibu la kwanza na jedwali au kiambatisho kinachojibu la pili. Miaka mitatu hadi minne inatosha kwa anayesoma muda wote, ukigawa hivi: mwaka wa kwanza lugha, jaribio na pendekezo, mwaka wa pili nyaraka, kisha kuandika. Anza kuandika sura ya majalada kabla ya sura ya nadharia. Vyuo vingi vya Uingereza hukomea maneno 100,000, na anayezidi hapo kwa kawaida amenukuu hati nzima nzima ambazo mahali pake ni kwenye kiambatisho, kwa lugha ya asili na tafsiri ubavuni.

Ukipita kwa masahihisho, kama wanavyopita wengi, panga masahihisho hayo kwa namba kwenye jedwali: alichosema mtahini, ulichofanya, ukurasa. Maoni usiyokubaliana nayo yajibu kwa sentensi mbili zenye hoja, usiyaruke. Daftari la majina na karatasi zako za mambo saba usizitupe. Zichape kwa utaratibu, na pamoja na nakala ya tasnifu zipelekwe Kilimani zikawekewe namba.